Makwapa ya Upande wa Utetezi

Jumapili, tarehe 2 Juni

Kwako daftari. Salamu nyingi. Sijui daftari linaamkiwaje, lakini siwezi kuanza kuandika kama mtu anayevamia nyumba ya watu. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba Watoto hajambo isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe unamuuma siku za kazi tu. Mama Mkwe hajambo, anakusalimu, amesema karatasi zako ni nyembamba. Binti yangu mkubwa hajambo, anasoma. Kitinda mimba wangu hajambo. Huyu tunamwita Kifungo kwa sababu alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja akakataa kuondoka bila kifungo chake. Paka hajambo. Cherehani yangu haijambo, ila mkanda umelegea kidogo.

Salamu zimeisha. Sasa nikwambie kilichonileta.

Ni Binti aliyenipa wewe. Amesema, Mama, wasiwasi ukikujia usiniletee mezani ninaposoma, uandike humu. Nimemwambia wasiwasi wangu ni mwingi kuliko kurasa zako. Akasema niandike herufi ndogo.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Binti anasoma sheria. Sheria! Mtoto wa fundi cherehani na fundi bomba, bado yuko sekondari, na anatembea na kitabu kinene kama tofali. Shule yao imeanzisha mchepuo wa sheria mwaka huu. Jumamosi ijayo kuna kesi ya kuigiza ukumbini, na Jaji Mstaafu, jaji wa kweli kabisa aliyefunga watu, atakuja kuwapima. Atakaowapitisha wataendelea na sheria. Atakaowaacha watahamishiwa mchepuo wa biashara. Binti akisikia tu neno biashara anasukuma sahani.

Na mimi mtoto asipokula siwezi kushona, mistari inapinda. Kwa hiyo nimeamua. Binti atapita. Nitamsaidia. Yeye asijue.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimesimuliwa kesi. Mlinzi wa shule fulani ya kubuni anashtakiwa kwamba alivunja saa ya mkuu wa shule kwa makusudi, eti kwa hasira ya kunyimwa likizo. Mlinzi anasema ni bahati mbaya, alikuwa anafuta vumbi mezani. Nilimwonea huruma sana. Nikamuuliza Binti kama mlinzi ana watoto. Akasema, Mama, huyo mtu hayupo. Nikamwambia hata kama hayupo, watoto wake wanakula nini? Akaniangalia. Akachukua tofali lake akahamia jikoni.

Halafu wasiwasi mwingine. Asubuhi Binti alisimama mbele ya kioo akamshambulia mlinzi mpaka nikatamani kwenda kumkamata mwenyewe. Jioni akasimama mbele ya kioo kilekile akamtetea mpaka nikatokwa machozi. Nikamwambia Baba Watoto, mtoto wako ana midomo miwili. Akasema hiyo imetoka kwenu. Mama Mkwe akajibu kutoka chumbani kwamba hapana, imetoka kwao, na asinyang'anywe.

Nikamfuata Binti nimuulize waziwazi, wewe uko upande gani? Alikuwa na mswaki mdomoni. Akasema kesho mashtaka. Basi! Mashtaka. Nimeshika.

Mpinzani wake ni mtoto wa jirani. Anaitwa Redio, maana tangu alipojifunza kusema hajazimwa. Mama yake, Mama Redio, ni msusi. Saluni yake imepakana na duka langu, ukuta mmoja. Leo amesimama mlangoni kwangu kunitangazia kwamba saa ya ukutani ya saluni yake imeombwa na shule, ndiyo itakayokuwa kielelezo mahakamani. Amesema kwa unyonge wa kujidai, eti hata sijui kwa nini wameichagua yangu, shoga, labda kwa sababu inang'aa. Nikasema hongera. Nikajichoma sindano.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeoka keki. Nimempelekea Mwalimu wa Sheria. Njiani nilipanga maneno: Mwalimu, hii ni keki tu, haina maana yoyote, na Binti yangu ni yule wa dawati la mbele.

Mwalimu ni kijana mwembamba, shati linampwaya mabegani. (Niliona shati kabla ya uso.) Akaitazama keki. Akanishukuru. Akaniomba niingie naye darasani. Nikafurahi! Nikarekebisha kilemba. Kumbe anakwenda kuiweka keki mezani na kuandika ubaoni, kwa herufi kubwa, RUSHWA. Akawaambia wanafunzi kwamba mzazi amemletea msimamizi wa kesi keki siku chache kabla ya kesi, haya, jadilini.

Wakajadili. Mbele yangu! Redio akasimama, akapunga mikono, akasema keki yenyewe ni ndogo, kwa hiyo tuseme ni jaribio la rushwa. Ndogo! Mayai yale! Binti yangu alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa dawati. Nikajua nimekwisha.

Halafu akanyoosha mkono. Akasema mleta keki hana nia mbaya, bali ana ugonjwa wa kulisha watu. Akatoa ushahidi kwamba hata yule fundi aliyekuja kutukatia umeme alikaribishwa kwanza akale, akashiba, akakata, akashukuru. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akasema mahakama inazingatia nia. Nikaachiliwa huru. Kielelezo kikaliwa chote, sikuachiwa hata sahani.

Mlangoni Mwalimu akaniambia taratibu, mama yangu, kama unataka kusaidia kwa njia ya halali, tunahitaji majoho mawili meusi. La mashtaka litiwe utepe mwekundu shingoni, la utetezi utepe mweupe. Akasisitiza yawe saizi moja, ili yeyote aweze kuvaa lolote. Nikaona huyu ni kijana asiyependa kusumbua fundi. Binti na Redio wanalingana kimo, haina shida.

Binti hajazungumza nami jioni nzima. Lakini amekula. Nahesabu hiyo kama ushindi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimekwenda kusuka kwa Mama Redio. Sikuwa na haja ya kusuka. Nilikuwa nimesukwa wiki iliyopita na nywele zilikuwa bado zinapendeza. Nimezifumua makusudi. Mzazi gani mwingine angefanya hivyo?

Lengo: upelelezi. Redio hufanya mazoezi palepale saluni, wateja wakiwa wameshikwa vichwa, hawawezi kukimbia.

Leo alikuwa anamtetea mlinzi. Utetezi! Nilijua! Na anaongea vizuri, nikikataa nitakuwa mwongo. Lakini mikono! Anaitupa kama mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka. Ukimshika mikono huyo mtoto, hoja zinaisha. Na nimepata jambo la pili. Mwalimu amewawekea utaratibu: anayetaka kupinga lazima asimame, anyooshe mkono wa kulia juu kabisa, aseme Napinga, Mheshimiwa. Mkono usipofika juu, huhesabiki umepinga. Nikaliweka hilo kichwani, pale palipokuwa bado na nafasi.

Maana Mama Redio anasuka kama mtu anayefunga mzigo. Akaniuliza kwa upole, shoga, Binti anaendeleaje na kesi? Nikasema vizuri. Akavuta. Akauliza hoja yake kubwa ni ipi. Nikasema, mwenzangu, hilo siwezi kusema. Akavuta. Nikasema kwamba akishtaki atasema saa ilikuwa katikati ya meza, mbali na ukingo, na mkono wa mtu anayefuta vumbi hauwezi kuifikia kwa bahati mbaya. Imetoka yote kama pindo lililokatwa uzi. Redio akaacha kupunga, akaandika. Akanishukuru! Shukrani, Mama, akasema. Ana adabu, ndilo linaloniuma.

Nimerudi nyumbani nyusi zimepanda, siwezi kufumba macho. Baba Watoto ameniuliza kwa nini namshangaa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekosea jana, leo lazima nirekebishe. Nashona.

Joho la mashtaka, lenye utepe mwekundu, la Binti yangu: nimeliwekea mikono mipana, inashuka kama mapazia ya ukumbi wa harusi. Akisimama ataonekana kama mtu aliyezaliwa mahakamani. Kitambaa kimekwenda kingi, lakini ni mwanangu.

Joho la utetezi, lenye utepe mweupe, la Redio: hapa sasa ndipo ufundi. Urefu uleule. Mabega yaleyale. Ukilitundika, huoni tofauti yoyote ila mikono. Lakini makwapa nimeyabana na kuyashusha. Mtu akisimama wima, linamkaa vizuri kabisa. Akitaka kunyoosha mkono juu, joho zima linapanda na mkono unagoma kwenye kiwiko. Apinge tuone!

Nimemjaribishia Mama Mkwe. Alijitazama kiooni, akapendezwa. Halafu akataka kujikuna kichwa, akashindwa. Akajaribu mkono mwingine. Akasema, mwanangu, hili joho umelikosea. Nikamwambia ndio mtindo wa mahakama. Akasema basi ndiyo sababu kesi zinachelewa.

Binti aliporudi shule alisimama pembeni yangu akanieleza utaratibu wa Jumamosi, mambo mengi, hatua kwa hatua, nani anafanya nini na kwa nini. Mashine ilikuwa inanguruma na nilikuwa kwenye kona ya kwapa, mahali pabaya. Nikaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Akauliza umenielewa, Mama? Nikasema ndiyo mwanangu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Redio amekuja kuchukua majoho. Shikamoo Mama, akasema, na akainama kabisa. Akayasifia. Akauliza ni nani aliyenifundisha kushona vizuri hivi. Akaona ndoo yangu ya maji mlangoni, akaibeba mpaka ndani bila kuambiwa. Roho ikaniuma. Nikasema, ngoja mwanangu, hili la utetezi nilikague kidogo. Nikashika kifaa cha kufumulia. Kweli tena, nilikuwa nimeshakata mishono ya kwanza!

Ndipo Mama Redio akapita na saa yake mikononi, ameing'arisha mpaka unajiona. Akasema Binti asijali sana kesho, shoga, hata mchepuo wa biashara si mbaya, atapata kaduka kadogo kama kako.

Kaduka!

Nikairudishia mishono ile. Mara mbili mbili.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Tulifika mapema, familia nzima. Baba Watoto kavaa shati la harusi yetu, vifungo vinalalamika. Mama Mkwe kabeba mto wake wa kukalia. Kifungo kaahidi kutomeza kitu. Mama Redio alikuwa safu ya mbele, na saa yake imewekwa katikati ya meza ya mahakama kama bibi harusi. Jaji Mstaafu ni mama mfupi mwenye miwani. Akikutazama unakaa vizuri hata kama ulikuwa umekaa vizuri.

Binti na Redio wakasimama mbele na sare zao za shule. Majoho yako kwenye kiti. Nikasubiri Binti achukue lenye utepe mwekundu. Hakuchukua. Badala yake Mwalimu akatoa sarafu mfukoni. Akatangaza kwamba, kama wazazi wote tulivyoelezwa na watoto wetu, wanafunzi hawa wamejiandaa kwa pande zote mbili, maana mwanasheria lazima azijue hoja za mwenzake, na sasa sarafu itaamua nani anashtaki na nani anatetea.

Kama wazazi wote tulivyoelezwa!

Nikamgeukia Baba Watoto. Nikamuuliza wewe ulijua? Akasema kila mtu alijua. Mama Mkwe akasema hata paka alijua.

Sarafu ikarushwa. Ikashuka. Redio, mashtaka. Binti, utetezi.

Redio akavaa mikono yangu ya fahari. Na Binti yangu, mwanangu wa kwanza, akaingia mwenyewe ndani ya mtego niliomshonea jirani.

Nikainuka. Mkasi ninao, siendi popote bila mkasi. Nilifikiri nikimfikia haraka nikafumua kwapa moja tu, la kulia, hakuna atakayeona. Nikapita kando ya viti nimeinama. Msichana mmoja mnene, ndiye aliyekuwa askari wa mahakama, akanizuia kwa kifua. Jaji Mstaafu akashusha miwani akauliza kwa nini yule mama aliyeshtuka nyusi anamwendea wakili wa utetezi na mkasi. Ukumbi wote ukageuka. Nikasema, Mheshimiwa, mimi ni fundi. Akasema mahakamani mafundi hukaa kama watu wengine. Mkasi wangu ukachukuliwa ukawekwa mezani kando ya saa. Nilipotazama nyuma, Baba Watoto alikuwa amehama safu na kujifanya mzazi wa mtoto mwingine.

Kesi ikaanza. Redio alikuwa moto. Akasema jambo la uongo kuhusu mlinzi, hata mimi nililijua ni uongo, na Binti akasimama kupinga. Mkono ukaenda. Ukafika kiwiko. Ukakwama. Jaji hakumwona, Redio akaendelea. Binti akajaribu tena. Kiwiko. Joho likampanda mpaka masikioni, na huko nyuma watoto wakaanza kucheka. Akageuka akanitafuta kwa macho. Akaniona. Akatazama mshono wa kwapa. Akanitazama tena, na safari hii alijua.

Nilitamani kuingia chini ya mto wa Mama Mkwe. Midomo ya Binti ilianza kucheza, kama alipokuwa mdogo kabla ya kulia. Nikasema basi. Imekwisha. Ni mimi niliyempeleka biashara, kwa cherehani yangu mwenyewe, na nikarudia mishono mara mbili.

Halafu akaushusha mkono. Akavuta pumzi. Akamwambia Jaji, bila kupaza sauti, kwamba joho alilovaa halimruhusu kunyoosha mkono, na kwamba anaomba haki ya mshtakiwa isitegemee kwapa la wakili wake. Akaomba apinge kwa mdomo tu.

Jaji Mstaafu akatabasamu, nilimwona mimi mwenyewe. Akasema ombi limekubaliwa.

Kuanzia hapo, jamani! Binti alisimama wima, mikono ubavuni, hatikisiki. Maneno yanatoka moja moja, sawasawa, kama mshono wa mashine mpya. Napinga, Mheshimiwa. Napinga. Kila mtu akaacha kumtazama Redio na mikono yake, akamtazama yeye. Mama Mkwe akaninong'oneza kwamba hata yeye akiwa na joho lile angeogopwa.

Redio akaona maji yamemfika shingoni. Akaamua kutoa hoja yake kubwa. Nikaitambua tangu neno la kwanza. Ile niliyoitoa mimi, saluni, kwa maumivu. Akasema saa ilikuwa katikati ya meza, mbali na ukingo. Akasema mtu afute vumbi, ageuke, apunge atakavyo, mkono wake hauwezi kuifikia. Mama Redio akanigeukia na kutabasamu. Redio akasema, Mheshimiwa, tazama mwenyewe. Akapunga.

Mkono wake kweli haukuifikia. Kitambaa kiliifikia. Mapazia yangu yote yalipita juu ya ile meza kama ufagio, yakazoa saa, yakazoa mkasi wangu, yakazoa na glasi ya maji ya Jaji.

Pwaa!

Saa ya Mama Redio ikatawanyika mpaka safu ya tatu. Mama Redio akapiga yowe. Kifungo akapiga makofi.

Binti hakutikisa hata kidole. Akangoja kioo cha mwisho kitulie. Akasema, Mheshimiwa, upande wa utetezi hauna swali zaidi.

Jaji alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Redio alisimama ameduwaa katikati ya vioo, halafu, Mungu amtunze, akainama akasema upande wa mashtaka unamshukuru mlinzi kwa uvumilivu wake na unaiomba radhi saluni. Ukumbi ukaruka kwa vifijo. Mlinzi akaachiliwa huru. Nikalia. Watoto wake watakula.

Jaji amewapitisha wote wawili. Redio kwa kuanguka na kusimama hapohapo. Binti, amesema, kwa sababu amemwona mwanasheria asiyehitaji mikono.

Wanaendelea na sheria! Wote! Nimemkumbatia Binti. Hakuweza kunikumbatia. Joho.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeshtakiwa. Sebuleni kwangu mwenyewe, baada ya chakula.

Baba Watoto alikuwa hakimu, amekaa kwenye kochi na spana ya kugongea meza. Binti alishtaki. Akaniuliza kama ni kweli nilibana makwapa yale nikijua yatamzuia mtu kunyoosha mkono. Nikasema swali ni refu. Akaniuliza kama ni kweli nilimwitikia ndiyo mwanangu Alhamisi. Nikasema mashine ilikuwa inanguruma. Akaniuliza, Mama, ulisikia neno hata moja? Nikamtazama wakili wangu.

Wakili wangu alikuwa Mama Mkwe. Akasimama kwa shida, akasema mteja wake ni mwema lakini hasikilizi, na kwamba yeye amemvumilia tangu siku alipoletwa hapa, kwa hiyo na mahakama imvumilie. Nikauliza huo ni utetezi gani? Hakimu akagonga spana.

Hukumu: nifumue majoho yote mawili niyashone upya, yalingane kila kitu. Pili, saa yetu ya sebuleni iende saluni kwa Mama Redio. Mama Mkwe akaruka. Saa ile aliileta yeye siku ya harusi yetu! Akasema anakata rufaa. Hakimu akamwambia, Mama, wewe ni wakili wa mshtakiwa, umeshashindwa.

Nimeipeleka saa mwenyewe. Mama Redio akaipokea, akaitazama, akasema si mbaya. Akatoa kiti. Tukakaa. Mwishowe tukacheka, sote wawili, mpaka mteja aliyekuwa kiti cha kusukwa akauliza kama amesahauliwa. Amenilegezea nywele za mbele. Sasa nafumba macho.

Wakati nafumua makwapa Binti alikuja kunishikia kitambaa. Akasema jana alipokwama hakugeuka kunitafuta kwa sababu ya joho. Wakati ule alikuwa bado hajajua ni mimi. Alinitafuta tu, kwa sababu alikuwa amekwama. Nikaanza kulia juu ya kitambaa cheusi. Akasema, Mama, andika kwenye daftari.

Nimeandika.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Daftari langu, hujambo? Habari kubwa. Mwalimu amekuja dukani. Mwezi ujao shule yetu itakutana na shule ya ng'ambo ya pili ya mji, kesi kubwa, mbele ya majaji watatu, na Binti na Redio ndio wawakilishi. Ameniomba nishone majoho ya wote, yetu na ya wageni. Ameutazama mkasi wangu, akasema, mama yangu, safari hii yalingane. Nikasema bila shaka, Mwalimu.

Binti ameniapisha. Mkono wa kulia juu, mbele ya Mama Mkwe na paka: hakuna hila, hakuna keki, hakuna kubana makwapa. Nimeapa kwa moyo wote. Nimejifunza, daftari. Sitambana tena mtoto wa mtu.

Makwapa, sitagusa.

Ila kuna jambo nimelifikiria nikipiga pasi. Aliyekuwa na joho finyu alisimama kama mwanasheria. Aliyekuwa na mikono mipana alivunja saa. Sasa, mgeni ni mtu wa kupewa kilicho bora. Nikiwapa watoto wa shule ile mikono mipana kidogo, mipana kwa heshima, nani atasema ni hila? Ni ukarimu! Watu wetu watavaa ya kawaida. Na hapa hakuna hatari yoyote, maana sarafu inaweza kumbadilisha mtu upande, lakini haiwezi kumbadilisha shule. Nimelitazama hili pande zote, kama mwanasheria. Halina tundu.

Binti amekuja jioni amesimama pembeni ya mashine, akanieleza utaratibu wa siku hiyo. Mrefu kuliko wa kwanza. Nilikuwa nimeshaanza pindo. Nimeshika maneno mawili matatu tu, sijui watachanganywa, sijui kura, sijui kila timu mmoja wa huku na mmoja wa kule. Nafikiri ni mambo ya chakula cha mchana. Nikaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu.

Lakini wewe ulikuwa hapo mezani, karibu naye kuliko mimi. Kama ulisikia vizuri alichosema, tafadhali nijulishe. Baba Watoto anakusalimu, Mama Mkwe anakusalimu, Kifungo anakusalimu na anauliza kama una kifungo. Usikawie kunijibu, maana mikono ya wageni nimeshaikata.